Waya Alizoziunga Hared

Hared alikuwa fundi wa pikipiki mtaa wa Iftin, mjini Garissa, na kwa miaka ishirini na mmoja hakuna mteja aliyewahi kuondoka kwake akisukuma. Hilo alilisema mwenyewe kila alipopata nafasi, na watu hawakumbishia. Juu ya mlango wa kibanda chake alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu FUNDI WA BIKIBIKI ZOTE, na walimu wa shule ya jirani walipomcheka kwa zile b mbili, aliwajibu kwamba pikipiki zenyewe hazijui kusoma.

Miongoni mwa wateja wake alikuwamo binti mmoja aitwaye Osob, kutoka Hadado, kule Wajir. Osob alisomea cheti cha afya ya wanyama, lakini wafugaji walimwita daktari, na yeye alikwisha kuzoea. Mradi mmoja wa chanjo za mifugo ulikuwa umempa pikipiki kubwa ya kuhimili njia za mchanga, na kwa miaka mitatu alizunguka nayo visima vyote vya upande ule, kasha la chanjo limefungwa nyuma. Mara moja kwa mwaka iliwekwa kwenye lori na kuletwa Garissa kukaguliwa. Osob alikuja nayo. Aliketi kwenye benchi la Hared tangu asubuhi mpaka kazi iishe, akiuliza kila spana inaingia wapi.

Mwaka huo alikuja na malalamiko.

"Adeer," alimwambia, kama msichana wa Kisomali anavyomwita mwanamume wa rika la baba yake, "inazima yenyewe. Naenda vizuri, mara imekufa, kama mtu amechomoa ufunguo. Na siku nyingine haiwaki kabisa mpaka niigongegonge hapa chini."

Hared alijua ugonjwa kabla hajainama. Pikipiki za aina ile zina swichi mbili za usalama. Moja iko chini ya mkono wa klachi: ikiwa gia imeingia, stata haigusi mpaka umekamata klachi. Ya pili iko kwenye stendi ya pembeni: stendi ikiwa chini na gia iko ndani, injini haikubali. Ni vitu vidogo kuliko kidole gumba, na vumbi la Wajir ni jepesi kama unga. Likiingia humo, pikipiki hudhani stendi iko chini wakati iko juu, ikajizima njiani.

"Ni swichi," alisema. "Zote mbili zimekula vumbi."

"Najua wenzangu wanazikata," Osob akasema. "Wanaunga waya basi. Mimi usinikatie, adeer. Nifungie mpya. Kule niko peke yangu."

"Nitakufungia."

Aliingia ndani kutafuta. Kwenye kopo la spea za zamani alikuwa na swichi moja ya stendi, akaijaribu, mashimo yake hayakulingana. Ya klachi hakuwa nayo kabisa. Spea ingeweza kutoka Nairobi kwa basi, ifike baada ya siku mbili. Lori la kurudi Wajir lilikuwa linaondoka alasiri ile. Angeweza kutoka nje na kusema maneno matatu tu: binti yangu, sina. Osob angekasirika kidogo, angengoja, au angeondoka akijua pikipiki yake ina nini.

Lakini nje kwenye benchi walikuwa wameketi wateja wengine wawili wanasikiliza, na Hared hakuwa na desturi ya kusema sina. Kwa hivyo Osob alipokwenda kuswali adhuhuri, fundi alichukua plaizi, akakata waya za swichi ya stendi, akaziunga. Akakata na za klachi, akaziunga. Akazungushia tepu nyeusi, akazisukuma chini ya tangi mahali pasipoonekana. Kazi ya dakika kumi. Alikwisha kuifanya kwa mamia ya pikipiki, na wenyewe ndio waliomwomba.

Osob aliporudi, aliikuta inanguruma.

"Umebadilisha?"

"Nimebadilisha. Nenda na amani."

Alimwombea dua, akapandisha pikipiki yake kwenye lori, akaenda.

*

Baada ya wiki sita hivi, Abdiwahab, dereva wa lori lile lile, alisimama kibandani kuomba maji ya kunywa, akasema habari kama mtu asemavyo habari za mvua.

"Umesikia ya msichana wako wa chanjo? Amemvunja mzee Bare mguu."

Hared alikuwa ameshika mnyororo. Aliuweka chini. "Amemvunja vipi?"

Abdiwahab akaeleza. Ilikuwa kisimani, saa ya kunywesha. Osob alikuwa ameegesha pikipiki kwenye mteremko mdogo karibu na birika la saruji, na kwa kuwa pana mteremko akaiacha ndani ya gia isiteleze, kama alivyozoea kufanya penye mteremko, ingawa nchi ile ni tambarare na mahali kama hapo ni pachache. Alipomaliza kuchanja, mzee Bare, mwenye ngamia, akaja kumsaidia kubeba kasha. Alikuwa amesimama kati ya gurudumu la mbele na birika, ameinama. Osob, amesimama pembeni, akabonyeza kitufe cha stata.

"Ikaruka," Abdiwahab akasema. "Ikaruka na stendi yake chini. Ikambana mzee kwenye saruji. Mguu umevunjika mahali pawili. Yeye msichana anasema pikipiki haikuwa inafanya hivyo, ati ikiwa kwenye gia ilikuwa inanyamaza. Watu wanamcheka. Pikipiki gani inanyamaza?"

Wanaume waliokuwa kwenye benchi wakacheka nao. Mmoja akasema ndiyo maana yeye hawezi kumpa mwanamke hata baiskeli. Kisha akamgeukia fundi: "Si ilipita kwako ile? Ilikuwa na shida?"

"Ilitoka hapa ikiwa sawa," Hared akasema.

Alisema haraka, sauti ikiwa ya kawaida kabisa, na jambo lililomwogopesha baadaye ni jinsi ilivyokuwa ya kawaida. Akaokota mnyororo wake. Hakuweza kukumbuka alikuwa anataka kuufanyia nini.

Maana yeye alielewa kilichotokea kuliko mtu yeyote aliyekuwa pale kisimani. Kwa miaka mitatu Osob alikuwa akibonyeza kile kitufe amesimama pembeni. Pikipiki ikinyamaza, anajua gia iko ndani, anaitoa, anabonyeza tena. Ule ukimya ndio uliokuwa ukimwonya. Swichi ya klachi ingenyamazisha stata. Na hata hiyo ingeharibika, ya stendi ingezuia injini. Zilikuwa mbili ili moja ikishindwa, nyingine isimame. Hared alikuwa ameziondoa zote mbili, kisha akamwambia Osob zipo.

Siku kumi baadaye alikuja Ahmednoor, afisa wa mradi wa chanjo, kutoka ofisi yao ya Galbet. Alikuwa mtu mpole, mwenye haraka, na faili mkononi. Alisema mradi unataka kufunga jambo hili. Kinachohitajika ni karatasi ya fundi kuthibitisha kwamba pikipiki ilikaguliwa na ilikuwa salama.

"Na Osob?" Hared akauliza.

"Osob atanyang'anywa pikipiki. Tunampenda, kazi yake nzuri, lakini tutafanyaje? Ameacha gia ndani, akawasha. Amekiri mwenyewe kwamba alikosea."

"Amekiri?"

"Mwanzoni alikuwa anabisha. Sasa amekubali. Anasema labda alisahau tu, labda alikuwa anajidanganya miaka yote."

Ahmednoor akatoa barua iliyokwisha kuandikwa, akamkabidhi kalamu. Hared aliisoma ile barua mara mbili, na kila neno lilikuwa wazi. Mkono ukaandika jina. Alijiambia kwamba mguu umekwisha kuvunjika, hautaungwa kwa karatasi. Alijiambia ana watoto watano. Alijiambia kila fundi wa Garissa anakata zile waya. Yote yalikuwa kweli. Ahmednoor akashukuru, akaondoka, na Hared akafunga kibanda saa nne asubuhi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya isipokuwa siku ya msiba.

*

Tangu hapo alianza tabia ambazo mkewe, Sagal, aliziona kabla yeye mwenyewe hajaziona. Alikuwa akiswali, akifika mwisho anaanza upya, akisema amesahau rakaa. Chakula alikigusa tu. Na kazini, pikipiki ikija kwa ajili ya breki, yeye anapiga magoti kutazama chini ya tangi kama kuna waya zimeungwa, na akizikuta anagombana na mwenye pikipiki.

"Mwenyewe ulinikatia hizi, Hared!" kijana mmoja wa bodaboda akamwambia. "Juzi juzi tu! Leo zimekuwa haramu?"

Mara nyingi akilini alimwona Osob kwenye lile benchi, akiuliza hii inaingia wapi. Kilichomsumbua zaidi haukuwa hata mguu wa mzee Bare, ambaye hakuwahi kumwona. Lilikuwa lile neno la Ahmednoor: anasema labda alikuwa anajidanganya miaka yote. Msichana alikuwa anajua pikipiki yake barabara, na yeye Hared alikuwa amemfanya asiamini hata anachokijua.

Miezi miwili ikapita, na Ijumaa moja baada ya swala alimwambia Sagal. Alimweleza yote, tangu kopo la spea mpaka karatasi, ameinamisha kichwa, akitaraji atafarijiwa au atafokewa. Sagal alikuwa anachuja maziwa. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kuacha kuchuja.

"Sasa mimi unaniambia ya nini?" akauliza.

"Kwa sababu yananiua."

"Mimi si Bare. Mimi si Osob. Hata nikikusamehe leo, yule msichana kesho ataamka akijiona mjinga." Akafunika chombo. "Basi la Wajir linaondoka alfajiri. Nguo zako nimezifua."

Hakupanda basi la kesho yake. Alingoja siku nne, na sababu aliyojipa ni kwamba anangoja spea. Swichi mbili mpya zilipofika kutoka Nairobi, zimefungwa kwenye karatasi ya plastiki, hakubaki na sababu.

*

Alipita Modogashe na Habaswein, akalala Wajir kwa binamu yake, na asubuhi akapata gari la mizigo linalokwenda Hadado. Alimkuta Osob nje ya duka la dawa za mifugo, anafunga kasha la chanjo kwenye mgongo wa punda. Binti alikuwa amekonda. Alipomwona, akafurahi kweli, na hiyo furaha yake ilimchoma Hared kuliko kama angemtukana.

"Adeer Hared! Umekuja mbali hivi? Kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Pikipiki iko wapi?"

"Stoo. Inangoja waje kuichukua. Mimi sitaki hata kuiona, wallahi. Nilikuwa najiona najua sana."

"Nipeleke."

Ndani ya stoo palikuwa na joto na harufu ya magunia. Hared alifungua kiti, akalegeza tangi, akalinyanyua kidogo, akaingiza vidole akavuta nje waya zenye tepu nyeusi. Hakujua aanze vipi, kwa hivyo akaanza na kazi anayoijua.

"Hii ni ya stendi. Hii ni ya klachi. Hakuna swichi hapa, Osob. Nilizikata, nikaunga. Ulikwenda kuswali, nikaunga. Ukaniuliza, nikakudanganya."

Osob alichuchumaa, akaishika tepu. Akaanza kuibandua kwa ukucha, polepole, mpaka shaba ikaonekana.

"Kwa hiyo ilikuwa inanyamaza," akasema.

"Ilikuwa inanyamaza. Ulikuwa unakumbuka sawasawa."

"Nilikuwa nabonyeza na inanyamaza."

"Ndiyo."

"Miezi mitatu." Sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Mama yangu ameniambia labda nina ugonjwa wa kusahau. Nimekwenda kusomewa Kurani. Kila siku nalala naona kidole changu kwenye kile kitufe. Na wewe ulikuwa unajua?"

"Nilijua siku ile ile niliposikia."

"Na ile barua? Ahmednoor alinisomea barua yako."

"Nilitia sahihi."

Alidhani atalia. Badala yake Osob alisimama, akapangusa mikono kwenye shungi lake, akasema, "Chukua hizo waya usizifiche. Twende kwa mzee Bare." Hakumwita adeer tena, siku ile wala baadaye.

Mzee Bare alikuwa ameketi mkekani mlangoni pa nyumba yake, mguu mmoja umenyooshwa mbele, magongo mawili ubavuni. Alikuwa mtu mrefu, mwenye ndevu zilizopakwa hina, na alipoona Osob anakuja aligeuza uso. Hared alijitambulisha, akataja ukoo wake, akasema lililomleta. Mzee hakuwa anajua mambo ya klachi. Ilibidi aelezwe pole pole, na kila Hared alipojaribu kuingiza habari za vumbi na spea za Nairobi, Bare aliinua mkono.

"Ngoja. Ungeacha zile waya zako kama zilivyokuwa, mimi leo ningekuwa natembea?"

"Ungekuwa unatembea."

"Na ungemwambia huyu binti ukweli?"

"Angejihadhari. Ungekuwa unatembea."

Bare akautazama mguu wake. Mkewe alikuwa ameleta maziwa, akasimama nayo, hajui ampe mgeni au asimpe.

"Mguu ni kadari ya Mungu, na kadari hiyo ilipitia mikononi mwako," mzee akasema hatimaye. "Hayo wazee wako na wazee wangu watakaa wayaamue. Lakini kuna jingine. Huyu binti mimi nilimtukana. Nilimtukana kisimani, mbele ya watu wote, nikamwita kipofu, nikamwambia arudi jikoni. Watu wakafuata. Kumbe nilikuwa nadhulumu. Wewe ulinyamaza Garissa ukanifanya mimi nidhulumu Hadado." Akashika gongo. "Nisimamisheni. Ni saa ya kunywesha."

Kutoka pale mpaka kisimani ni mwendo mfupi, lakini kwa magongo walichukua karibu saa nzima, na mzee alikataa kushikwa na Hared. Alimshika Osob bega. Kisimani palikuwa na ngamia wengi na watu wengi. Bare akagonga gongo lake kwenye birika lile lile mpaka watu wakanyamaza. Kisha akasema, "Mtu huyu ametoka Garissa. Ana neno."

Hared alisimama na waya mkononi. Alikuwa mtu wa maneno mengi kibandani kwake, lakini pale aliyapata machache. Alisema yeye ni fundi. Alisema Osob alimwomba asikate, naye akakata, akamwambia hakukata. Alisema pikipiki iliruka kwa sababu yake, na barua iliyosema ilikuwa salama ni ya uongo na yeye ndiye aliyeitia sahihi. Mwanamke mmoja akapiga ukelele wa hasira. Kijana mmoja akatema mate karibu na miguu yake. Wengine walimtazama tu, kisha wakamtazama Osob, na Hared akaona nyuso zikigeuka moja moja, watu wakikumbuka kila mmoja alichokuwa amemwambia.

Osob alikuwa anatazama mbele, kidevu juu, machozi yanamtoka bila kuyafuta.

Alasiri ile Hared alifunga swichi mpya mbili, Osob amesimama juu yake akitazama kila kiungo. Alipomaliza, Osob akaingiza gia, akashusha stendi, akasimama pembeni, akabonyeza kitufe. Pikipiki ikanyamaza. Akabonyeza tena, na tena, kama mara ishirini, na kila ikinyamaza alikuwa anatikisa kichwa kidogo. Hared hakumzuia, ingawa jua lilikuwa linazama na gari lilikuwa linamngoja.

*

Aliporudi Garissa alikwenda Galbet moja kwa moja na barua nyingine, aliyoiandika mwenyewe. Ahmednoor aliisoma, akavua miwani, akamuuliza kama anajua anachofanya. Mradi ukaacha kumpelekea kazi, na wateja wengi wakafuata. Osob alirudishiwa pikipiki baada ya miezi miwili ya barua kwenda na kurudi. Hakuileta tena kwa Hared. Alijifunza kuihudumia mwenyewe, na spea anazipata kupitia kwa Abdiwahab, ambaye siku moja alimwambia Hared kwamba sasa wasichana wawili wa sekondari wanakwenda kwa Osob Jumamosi kujifunza kuendesha. Hared aliuliza kama Osob alituma salamu. Abdiwahab akasema hapana, hakutuma.

Wazee wa pande mbili walikaa Wajir, wakaafikiana kwa njia yao, na Hared alitoa fidia aliyoambiwa bila kubisha. Watu wakamwambia basi, limekwisha. Yeye hakuona kama limekwisha. Kila Ijumaa baada ya swala alimpigia mzee Bare simu. Wiki ya kwanza haikupokewa. Ya pili na ya tatu vilevile. Sagal alimwuliza atapiga mpaka lini, naye akasema hajui.

Wiki ya sita simu ikapokewa. Hared, ambaye alikuwa amekwisha kuzoea mlio tu, karibu aikate.

"Nani?" sauti ikauliza.

"Hared. Wa Garissa."

Kwa mbali ngamia alikuwa analia.

"Mvua imenyesha huku," mzee Bare akasema. "Usiku mzima. Mabwawa yamejaa."

"Alhamdulillahi. Na mguu, baba?"

"Mguu upo," mzee akasema, akaendelea na habari za malisho: upande gani majani yamechipua, nani amehamisha mifugo, ngamia gani amezaa. Hared alisimama mlangoni pa kibanda chake akamsikiliza mpaka salio la simu likamwishia.